Mzigo Uko Wapi?

"Mjomba, mwenye kiwanda kule Dar es Salaam anajuaje asali yake imefika wapi, na yeye yuko mbali?"

Swali hili limeulizwa na mtoto wa darasa la nne hapa Chemchem, Tabora. Nimelipenda sana. Watu wazima wengi hula asali maisha yao yote bila kuliuliza. Mtoto anayetaka kujua kitu kimetoka wapi na kimepita mikononi mwa nani, huyo ana macho. Basi kaeni vizuri, wapwa zangu. Jibu lake ni refu kidogo. Linapita msituni, linapita relini, linapita hata kwenye misafara ya wapagazi wa zamani. Tutalifuata polepole.

Tuanzie uani. Mama amebandika sufuria ya mboga. Anafungua kopo la chumvi, tupu! Anakuita. "Kimbia dukani, urudi sasa hivi." Unakimbia. Mboga inachemka. Mama anachungulia barabarani. Umefika dukani? Duka limefungwa, umekwenda la pili? Au umesimama kutazama mpira? Mama hajui. Angejua duka limefungwa, angemwomba jirani chumvi. Angejua uko kwenye kona ya mwisho, angepunguza moto akangoja. Kwa kuwa hajui, anasimama na mwiko mkononi, na mboga inaungua.

Mwenye kiwanda ndiye huyo mama. Mitambo yake ni ile sufuria. Wafanyakazi wameshafika, umeme unatumika, chupa zimepangwa. Asali bado. Na maswali yake ni matatu tu. Mzigo uko wapi? Uko na nani? Uko katika hali gani?

Yashikeni hayo matatu. Tutayarudia mara nyingi.

"Mjomba, watu walianza lini kuuliza hivyo?"

Zamani sana, na hapahapa. Kabla ya reli na kabla ya simu, Tabora ilikuwa njia panda ya misafara. Nchi hii iliitwa Unyanyembe. Njia moja ilitoka Bagamoyo. Moja iliendelea hadi Ujiji kwenye Ziwa Tanganyika. Nyingine ilipanda kaskazini, Karagwe na Buganda. Kutoka pwani zilikuja nguo, shanga na nyaya za shaba. Kutoka bara ziliteremka pembe za ndovu. Wapagazi wengi walikuwa Wanyamwezi, babu zetu. Mtu mmoja alibeba hata ratili 70, yaani karibu kilo 32, na safari kutoka Bagamoyo mpaka hapa ilichukua kama miezi mitatu. Na lazima niwaambie ukweli wote: njia hiyohiyo ilipitisha watu waliofungwa, waliouzwa, ambao hawakuchagua safari ile.

Sasa fikirini. Mzigo umeondoka Bagamoyo. Tajiri wake yuko Unguja. Mzigo uko wapi? Uko na nani? Uko katika hali gani? Tajiri angejibiwa na tarishi aliyekuja kwa miguu, au na msafara uliokuwa ukirudi. Habari ilipomfikia, ilikuwa imeshazeeka.

Nitawapa kisa kimoja cha kweli. Alikuwako msafiri na mmisionari kutoka Uskochi, David Livingstone. Mwaka 1870 alikuwa mbali kabisa, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, huko Manyema. Vitu vyake vya kuishi vilitumwa kutoka Unguja, na aliyevishughulikia ni John Kirk wa ubalozi wa Uingereza. Novemba 1870 mizigo ilivushwa hadi Bagamoyo, pamoja na mfuko wa barua. Unguja wakaamini mizigo imeondoka.

Haikuondoka. Ilikaa Bagamoyo. Henry Morton Stanley, mwandishi wa gazeti aliyepita pale akimtafuta Livingstone, aliandika kwamba ilikaa karibu siku 100. Wenye msafara walishtuka Februari 1871, waliposikia kwamba Kirk mwenyewe anavuka kuja Bagamoyo. Ndipo wakafunga mizigo, wakaondoka.

Wakafika Unyanyembe. Wakakwama tena. Safari hii hawakuwa na kosa. Mtemi Mirambo alikuwa akipigana na Waarabu wa Tabora, na njia ya Ujiji ilikuwa imefungwa. Mfuko wa barua ukawekwa Kwihara, kilomita chache kutoka hapa Chemchem. Ungekuwa na mdomo, ungesema: "Nipo hapa. Ni mzima. Sijalowa, sijaibiwa. Jamani, hakuna wa kumwambia mwenyewe?"

Stanley aliuchukua mfuko ule, akazunguka kusini kuvikwepa vita, akamkabidhi Livingstone huko Ujiji mwishoni mwa mwaka 1871. Barua zilikuwa zimekaa njiani karibu mwaka mzima.

Na shehena nyingine, iliyotangulia? Hiyo ilifika Ujiji salama. Livingstone alirudi kutoka Manyema Oktoba 1871, mgonjwa, amechoka, akiamini atakuta nguo na shanga zake zinamsubiri. Akakuta mtu aliyekabidhiwa amekwisha kuviuza vyote.

Mnaona? Mzigo mmoja ulichelewa, na aliyeutuma hakujua. Mzigo mwingine ulifika, ukaliwa, na aliyeutuma hakujua. Stanley alimlaumu Kirk kwa maneno makali. Mimi naona lawama ile ilizidi kiasi. Mtu aliyekaa Unguja, ambaye habari zake zinatembea kwa miguu, hawezi kuona kinachofanyika Ujiji. Kilichokosekana ni kitu kimoja: katika kila kituo cha njia ile, mtu ambaye kazi yake ni kuhesabu, kuandika na kurudisha habari.

"Mjomba, lakini Livingstone hakuwa na kiwanda!"

Vizuri! Hapo umenikamata, na ninafurahi. Twende basi kwa wenye viwanda.

Shanga zilizopita Tabora nyingi zilitengenezwa Venice, nchini Italia. Nguo nyeupe iliyopendwa sana iliitwa merikani, kwa sababu ilifumwa Marekani, katika jimbo la Massachusetts. Fundi wa Venice hakuwahi kuiona Ugogo. Mfumaji wa Massachusetts hakuwahi kukanyaga Unyamwezi. Lakini watu wa Ugogo na Unyamwezi walikuwa na chaguo lao. Richard Burton, aliyefika hapa Novemba 1857, aliandika kwamba aina za shanga zilikuwa kama 400, na kila aina ilikuwa na jina lake na mahali pake. Stanley naye alijifunza haraka. Shanga nyeusi zilizoitwa bubu zilipokelewa Ugogo, kwingine zikakataliwa. Shanga kubwa za sungomaji zilithaminiwa Ujiji, kwingine hakuna aliyezitaka. Msafiri aliyekosea shanga alikuwa na mali tele, na njaa tele.

Kwa hiyo fundi wa Venice alihitaji macho yanayofika mpaka huku. Watu wa Unyanyembe wanapenda rangi gani mwaka huu? Ipi imepitwa na wakati? Asipojua, anatengeneza mapipa ya shanga zitakazolala ghalani Unguja.

Na macho yalihitajika kwa upande wa pili pia. Mwaka 1861 Wamarekani walianza kupigana wenyewe kwa wenyewe. Vita vile vilikwisha 1865. Pamba ikawa adimu, na merikani kutoka Marekani ikapungua sana pwani yetu. Mpagazi aliyesimama hapa Tabora akingoja nguo yake ya mshahara hakuwa na habari kwamba mashamba ya pamba, mbali hivyo, yamo katikati ya vita.

Liko jambo moja zaidi la wakati ule, na linaniuma. Pembe za ndovu zilizoteremka njia hii zilikwenda mpaka jimbo la Connecticut, Marekani, kwenye miji midogo ya Deep River na Ivoryton. Huko viwanda vilikata pembe kuwa vipande vyembamba vya kufunika vibonye vya piano. Mtoto wa huko alijifunza muziki kwa vidole vyake juu ya pembe iliyotoka huku. Wenye viwanda walijua bei ya pembe. Walijua uzito. Walijua ipi laini na ipi ngumu. Bega lililoibeba hawakuliona, na ndovu aliyeanguka hawakumwona. Kuna maswali ambayo mnunuzi haulizi kwa sababu jibu litamsumbua. Ninyi yaulizeni.

Reli ilifika Tabora mwaka 1912, ikafika Kigoma 1914. Mwaka 1928 tawi la kaskazini likafika Mwanza. Mzigo wa miezi ukawa mzigo wa siku. Mkuu wa stesheni aliweza kumwarifu mwenzake wa mbele kwamba treni imeondoka. Lakini mwenye kiwanda bado alijua treni iko wapi, si gunia lake liko wapi.

Sasa tuje kwenye asali. Na hapa nitanyamaza kidogo, nimwachie mwenye safari aseme mwenyewe.

"Hodi, watoto. Mimi ni ndoo. Ndoo nyeupe ya plastiki, ya lita 20, yenye mfuniko unaobana. Nikijaa asali nina karibu kilo 28, maana asali ni nzito kuliko maji. Wazee wenu wangenibeba begani mpaka Bagamoyo! Siku hizi nasafiri kwa baiskeli, kisha gari.

"Safari yangu ilianzia msituni Sikonge, kusini ya Tabora. Mzee mmoja na kijana wake walinibeba kwenye baiskeli, njia nyembamba, mchanga mwingi. Mizinga yao imetundikwa juu ya miyombo. Walirina usiku, kwa moshi kidogo, maana nyuki wetu ni wakali. Kijana akanyoosha mkono kwenye sega moja. Mzee akamzuia.

"'Hilo liache.'

"'Kwa nini, baba? Limejaa.'

"'Limejaa, lakini nyuki hawajaliziba kwa nta. Asali yake bado ina maji mengi. Ukiichanganya na nzuri, yote itachacha.'

"Nikajazwa. Nikafunikwa. Halafu mzee akafanya jambo dogo sana. Akatoa kalamu ya wino usiofutika, akaniandika ubavuni. Namba yake ya ufugaji. Jina la msitu. Tarehe ya kurina. Basi. Kuanzia usiku ule nikawa na jina."

"Mjomba, kwa nini iandikwe? Mzee si anaijua ndoo yake?"

Anaijua, mpwa wangu. Lakini mzee haendi Dar es Salaam. Ndoo inakwenda. Kila atakayeishika mbele ya safari hamjui mzee, na ndoo za lita 20 zote ni nyeupe. Maandishi yale yanamsemea mzee mahali asipokuwapo. Endelea, ndoo.

"Kijijini nikapelekwa kwenye kituo cha kukusanyia. Karani akanifungua, akachukua tone moja akaliweka kwenye kifaa kidogo cha kupimia maji. Kiwango cha kimataifa cha asali ya kawaida kinataka maji yasizidi asilimia 20. Nikapita. Nikapimwa kwenye mizani. Karani akaandika daftarini, akaingiza na kwenye simu: namba fulani, kilo kadhaa, maji kiasi fulani, tarehe fulani. Mzee akapewa stakabadhi. Kiwandani Dar es Salaam, mtu akaangalia kwenye kompyuta yake, akaona nimeandikwa. Mzigo uko wapi? Sikonge. Uko na nani? Kwa karani wa kituo. Uko katika hali gani? Safi.

"Tukapakiwa, ndoo nyingi, tukaja Tabora mjini. Tukalala ghalani. Asubuhi tukahesabiwa tena. Tukapakiwa kwenye lori, tukafunikwa turubai, kwa sababu asali hainywi jua bila kuharibika. Tukaondoka. Tura, Itigi, Manyoni, nchi ileile waliyopita wapagazi. Mvua ikanyesha. Lori likaharibika."

Simama hapo, ndoo. Hapa ndipo watoto wanapaswa kufungua masikio.

Kiwanda kisichoona kinafanyaje siku hiyo? Kinangoja. Wafanyakazi wanakuja asubuhi, wanakaa. Mitambo imeoshwa, iko tayari, haina kazi. Jioni wanarudi nyumbani. Kesho tena. Duka kubwa linapiga simu: "Asali yetu iko wapi?" Kiwanda kinajibu: "Iko njiani." Neno hilo halisemi chochote. Baada ya siku chache duka linakwenda kununua kwingine.

Kiwanda kinachoona kinafanyaje? Dereva au karani anatuma habari: lori limekwama, litachelewa siku mbili, ndoo ni salama. Lori ni lilelile. Matope ni yaleyale. Lakini meneja anageuza kazi. Anatumia asali iliyomo ghalani kwanza. Siku ya pili anaipangia usafi wa mitambo. Analiambia duka ukweli mapema, na duka linakubali, kwa sababu limeambiwa kabla rafu hazijawa tupu. Kuona hakukuondoa matope ya Itigi. Kuliwapa watu muda wa kupanga.

"Mjomba, si wangempigia dereva simu tu?"

Swali la mtu mwenye akili! Ndiyo, wanapiga, na inasaidia sana. Lakini angalieni. Chupa moja ya asali ina vitu vingapi? Ina chupa. Ina mfuniko. Ina lebo. Inawekwa kwenye katoni. Na ina asali yenyewe. Kila kimoja kinatoka kwa mtu tofauti, kwa njia tofauti. Asali ikiwahi na mifuniko ikichelewa bandarini, hakuna chupa itakayofungwa. Meneja anahitaji kuviona vyote pamoja, mahali pamoja. Akipigia simu mmoja mmoja, jioni itamkuta bado anapiga.

Na liko gumu kuliko hilo. Mwenye kiwanda anamjua aliyemuuzia. Je, anamjua aliyemuuzia yule aliyemuuzia? Mara nyingi hamjui. Mchuuzi anasema, "Hii ni asali ya Sikonge." Aliichukua kwa mchuuzi mwingine, naye kwa mwingine. Watu wa viwandani huita njia hii yote mnyororo wa ugavi. Pete ya kwanza wanaishika mkononi. Ya pili wanaiona kwa shida. Ya tatu imo gizani, na hasara nyingi huanzia huko gizani.

Maliza basi, ndoo.

"Nikafika Dar es Salaam. Wakatupima tena, mmoja mmoja, kabla ya kutumimina kwenye tangi kubwa. Ndoo jirani yangu ilifunguliwa, ikatoa harufu ya kuchacha. Nilimwonea huruma. Wakasoma ubavuni mwake: namba ya mfugaji, msitu, tarehe. Wakaiweka pembeni peke yake. Sisi wengine tukamiminwa. Na lile tangi nalo likaandikwa namba, na namba hiyo ikapigwa kwenye kila chupa. Nimemaliza. Nioshwe, nirudi msituni."

Ahsante, ndoo.

Sasa nisikilizeni. Ingekuwa ndoo hazikuandikwa, ile iliyochacha ingemiminwa na wenzake au ingewafanya wote washukiwe. Shehena nzima ingerudishwa. Na watu wangesema: asali ya Tabora mbaya. Wazee mamia wangeadhibiwa kwa sega moja lisilozibwa. Lakini kwa kuwa iliandikwa, kiwanda kilijua nani wa kuzungumza naye. Wakampelekea ujumbe, akaja mtu wa kumfundisha, maana alikuwa mgeni kwenye kazi na alirina mapema. Hakufukuzwa. Alifundishwa. Hiyo ndiyo kazi nzuri ya namba.

Msidhani ni jambo dogo la kijijini. Mwaka 2023 Tume ya Ulaya ilitangaza matokeo ya kupima shehena 320 za asali iliyoingizwa kutoka nje ya Umoja wa Ulaya. Shehena 147 zilitiliwa shaka kwamba zimechanganywa na sharubati ya sukari. Karibu nusu! Hasira ya wafugaji nyuki na wanunuzi ikawa kubwa. Mwaka 2024 Umoja huo ukapitisha sheria mpya: asali iliyochanganywa kutoka nchi mbalimbali lazima lebo yake itaje kila nchi na asilimia yake, kuanzia Juni 2026. Zamani ilitosha kuandika kwamba ni mchanganyiko wa asali za nje. Sasa mnunuzi anataka kujua. Kiwanda kisichojua pete zake za nyuma kitaandika nini kwenye lebo? Na asali yetu ya miyombo, ambayo ni asali ya kweli, inahitaji ushahidi ili isitupwe kapu moja na sharubati.

"Mjomba, na mtu akiandika namba ya uongo?"

Mungu akubariki, hilo ndilo swali lenyewe. Inatokea. Magharibi yetu, mashariki mwa Kongo na nchini Rwanda, magunia ya madini ya bati na koltani hufungwa lakiri zenye namba, ili viwanda vya simu na kompyuta vijue madini yametoka mgodi gani, na kwamba hayakuwalipa wenye bunduki. Msukumo mkubwa ulitoka kwenye sheria ya Marekani ya mwaka 2010. Jambo jema. Lakini wachunguzi wamegundua mara kwa mara lakiri zikifungwa kwenye magunia yaliyotoka mgodi mwingine. Karatasi ilikuwa safi, gunia halikuwa safi. Kwa hiyo lazima mtu afike. Apande baiskeli, aingie msituni, aihesabu mizinga, amwulize mzee: mwaka huu umerina ndoo ngapi? Mfugaji mwenye mizinga kumi akileta asali ya mizinga mia, namba yake ichunguzwe.

Nami nina dai langu hapa, na nalisema kwa uzito. Kiwanda kinataka kumwona mzee. Je, mzee anakiona kiwanda? Mzee ametaja namba yake, msitu wake, tarehe yake. Amepimwa maji, amepimwa kilo. Halafu ndoo ikaondoka, na yeye akabaki gizani. Hajui kama ilifika. Hajui kama ilipita. Hajui chupa yake iliuzwa bei gani. Mipango mingi ya kufuatilia bidhaa imejengwa hivi, na mimi nasema imejengwa nusu. Simu ileile inayopeleka habari Dar es Salaam inaweza kurudisha habari Sikonge: ndoo yako imefika, imepimwa, ni safi, malipo yako ni haya. Mzee anayejua asali safi inalipwa zaidi ataliacha sega lisilozibwa bila kuambiwa na mtu. Mzee asiyejua chochote, kesho atamuuzia mchuuzi wa kwanza atakayepita na fedha taslimu. Nani wa kumlaumu?

Basi, wapwa zangu, nina kazi ya kuwapa. Wengi wenu mna babu, bibi au mjomba mwenye mizinga Sikonge, Urambo, Kaliua au Uyui. Wengine macho yao yamechoka, kalamu inawasumbua. Ninyi mnasoma, mnaandika. Likizo mkienda, chukueni kalamu ya wino usiofutika na daftari moja. Kila ndoo iandikeni jina la mwenyewe, msitu na tarehe. Daftarini andikeni vilevile, na kilo, na nani aliyeichukua, na alilipa kiasi gani. Akija mnunuzi, mwonyesheni daftari, kisha mwulizeni anaipeleka wapi.